Kifurushi cha Chiriku

Jumamosi, tarehe 14 Juni. Manyunyu yalianza alfajiri, na hadi saa mbili yalikuwa hayajakatika. Bosi na mdogo wake Chiriku walifika shuleni viatu vimelowa chapachapa, mama yao akiwafuata na mwavuli uliomtosha yeye peke yake. Ilikuwa siku ya wazazi kutazama kazi za wanafunzi wa kompyuta.

Bosi, msichana wa miaka kumi na mitatu, alipewa jina hilo kwa kupenda kuamrisha. Chiriku alikuwa na miaka kumi na mmoja, na hakunyamaza hata akipiga mswaki.

Mwalimu alikuwa amewataka waonyeshe mvua ya mwaka mzima kwa mchoro. Bosi aliandika mistari ya programu yake mwenyewe, jioni baada ya jioni, mpaka macho yakauma. Chiriku alitafuta kifurushi mtandaoni, yaani programu iliyokwisha kuandikwa na watu wengine na kutolewa ili kila mtu aitumie. Alisoma maelezo yake, akahakikisha wenyewe bado wanakitunza, kisha akakisakinisha kwenye kompyuta ya darasa. Kwa mistari michache tu, mvua ikajichora kwa rangi. Darasa zima likashangilia.

“Bosi, mtoto kakustaafisha!” alitania mvulana mmoja.

Bosi alicheka na wenzake. “Kaokota vya watu,” alijiambia. “Yeye kaandika nini?” Tangu siku hiyo kila sifa ya Chiriku ilimchoma. Hata mama aliposali usiku akamtaja Chiriku kwanza, Bosi aliliona hilo, akaliweka moyoni.

Sasa, Jumamosi hiyo, mwalimu alipotoka kuleta viti, Bosi aliketi mbele ya kompyuta ambayo kazi zote zingeonyeshwa kwayo. Alitaka kuongeza ramani kwenye mchoro wake. Alitafuta vifurushi vya ramani, akachagua chenye picha nzuri kuliko vyote. Maelezo hakusoma. Katikati ya kusakinisha, kompyuta ikamuuliza: kifurushi hiki kinahitaji toleo jipya la kifurushi cha hesabu, toleo la zamani litaondolewa. Niendelee?

Bosi alijua kwamba kifurushi cha Chiriku kilitegemea toleo hilo la zamani, na bila hilo mchoro wake usingefunguka. Kidole kikasita. Huko nje akamsikia mdogo wake akicheka na wenzake. Akabonyeza “ndiyo”.

Baada ya muda mfupi Chiriku aliingia kujaribu kazi yake. Skrini ikajaa maandishi mekundu.

“Jamani! Jana ilikuwa nzima!” Alijaribu tena, na tena. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu wamjue, akanyamaza. Wazazi walikuwa wameanza kuingia, wakikung’uta miavuli mlangoni.

Bosi alingoja furaha. Ilikuja, lakini haikukaa, kwa maana Chiriku alimgeukia, machozi yakimlengalenga.

“Dada, wewe unajua kuliko mimi. Nisaidie.”

Bosi aliinamisha kichwa. *Ee Mungu, nipe ulimi,* aliomba kimyakimya. Kisha akamwendea mwalimu, aliyekuwa amerudi na viti.

“Mwalimu, ni mimi. Kompyuta iliniuliza, nikakubali huku najua itaharibu kazi yake.”

“Kwa nini?”

“Nilimwonea wivu.”

Mwalimu alimtazama, akavuta kiti. “Kaa. Utatengeneza wewe mwenyewe.”

Alimwelekeza namna ya kuipa kila kazi mazingira yake, kama vyumba viwili ambavyo kila kimoja kina vyombo vyake, ili toleo jipya lisilifukuze la zamani. Chiriku alitaja toleo alilotumia, Bosi akaliandika. Mtandao ulijikokota. Wazazi walikuwa wamekwisha kuketi mchoro ulipofunguka, mvua ya kila mwezi kwa rangi yake, watu wakapiga makofi. Muda wa kuonyesha kazi ya Bosi haukubaki.

Mwalimu aliwaambia wanafunzi: “Hata lugha tunayoandikia programu ilitengenezwa na watu tusiowajua. Kutumia kazi waliyotuachia si wizi, mradi tuisome kwanza na tuwataje. Kosa ni kuivunja kazi ya mwenzako ili yako ionekane. Ukiona wivu unakupanda, useme mapema, kabla mikono haijaufuata.”

Mama, aliyekuwa amesikia yote, hakugomba. Alimshika Bosi bega. “Na wewe, mwanangu, unasemaje?”

Bosi alisimama mbele ya watu wote, mkono wa Chiriku mkononi mwake. Alisema kwa sauti iliyowafikia hata waliokaa nyuma:

“Mbele ya mama, mwalimu na ninyi nyote, naahidi: sitasakinisha kitu nisichokisoma, wala sitagusa kazi ya mtu bila ruhusa yake. Na mdogo wangu akisifiwa, wa kwanza kupiga makofi nitakuwa mimi.”