Wimbo wa Kuibia Dirishani

Kila jioni, baada ya kutoka kuamia ndege kwenye mpunga wa baba yake, Anyisile alinawa matope na kukimbilia kanisani, hapo kijijini Ngonga, Kyela. Alikuwa na miaka kumi na minne, tena msichana pekee katika bendi ya matarumbeta iliyopuliza misibani. Mwalimu Lameck, kiongozi wa bendi, aliimba sauti, nao wakaishika kwa masikio. Noti hakuna aliyezijua, hata mwalimu mwenyewe, ingawa kitabu cha noti hakikumtoka kwapani.

Siku moja ikaja habari kwamba shule ya muziki ya bweni huko Malawi, ng'ambo ya Mto Songwe, inatafuta mtoto mmoja kutoka Kyela. Sharti: awe anajua kusoma noti.

"Wakikuuliza, sema unajua," Mwalimu Lameck alimwambia.

"Lakini sijui, mwalimu."

"Kasuku amesoma wapi? Mbona anaongea? Usituaibishe, wewe!"

Anyisile akaulizwa na watu wa shule ile, akasema anajua, akachaguliwa. Jumapili ile Mwalimu Lameck akasimamishwa mbele ya kanisa, akapigiwa vigelegele. Uongo akaubeba mtoto.

Kule shuleni waliishi kama kijiji. Asubuhi walifagia uwanja, wakapokezana zamu za kupika, kisha kila mmoja akajifungia na karatasi yake kwenye chumba cha mazoezi. Kwa Anyisile karatasi ile ilikuwa nyayo za kuku kwenye majivu. Basi akabuni njia. Alijibanza chini ya dirisha la Angetile, mwenzake wa bweni kutoka Karonga, hukohuko Malawi, waliyepewa naye wimbo mmoja. Alisikiliza mara mbili tatu, akarudi kuupuliza kana kwamba ameusoma. Walimu wakamsifu.

Lakini Angetile alikiona kivuli chini ya dirisha.

"Dada wa Kyela," alimwambia wakimenya viazi, maana lugha zao zilisikilizana, "Jumamosi tunapuliza mbele ya shule nzima. Umejiandaa?"

"Nimejiandaa."

"Haya. Asiyejua noti hurudishwa kwao. Wa mwaka jana tulimsindikiza mpaka getini tukimwimbia."

Anyisile akajikata kidole, akakinyonya.

Jioni ile Angetile alifungua dirisha wazi kabisa. Akapuliza wimbo vizuri, ila katikati akachomeka sauti tatu za ovyo, kama mbuzi aliyekabwa na kamba. Akarudia hivyohivyo mara kadhaa. Anyisile aliona ajabu, lakini abishe na nani? Karatasi haikumsemesha.

Jumamosi akaitwa wa kwanza. Alipuliza kwa madaha, mpaka akafika katikati. Mbuzi akalia.

"Mee!" Angetile alipaza sauti kutoka nyuma.

"Mee! Mee!" Ukumbi mzima ukapokea, wengine wakipiga miguu chini.

Mama Naomi, mkuu wa shule, aligonga meza. "Anyisile, nionyeshe kwa kidole. Sauti hizo zimeandikwa wapi?"

Kidole kikatangatanga juu ya karatasi, kisipate pa kutua.

"Sijui noti, mama. Sijawahi kuzijua. Nyimbo nazishika chini ya dirisha la Angetile. Mwalimu alisema niseme najua."

Mama Naomi akampeleka ofisini, akampigia simu Mwalimu Lameck, sauti ikiwa wazi hata Anyisile asikie.

"Mimi?" Lameck alijibu. "Huyo mtoto ni mwongo tangu zamani. Mrudisheni tu." Akakata.

Ndivyo walivyo wenye vyeo. Sifa wanaila wenyewe, aibu wanamwachia mtoto aoshe vyombo.

"Nifungashe, mama?" Anyisile aliuliza huku akilia.

"Kufungasha ni rahisi. Angalau mwisho umesema kweli. Jumatatu utaingia darasa la wanaoanza, pamoja na watoto wa miaka saba. Watakucheka, nami sitawazuia. Angetile ataosha masufuria muhula mzima. Aliyeona mwenzake anaelekea shimoni akampanulia njia, naye ana kosa."

Jumatatu Anyisile alikaa kwenye benchi fupi, magoti yakifika kidevuni.

"Dada mkubwa, hata hii huijui?" kiliuliza kitoto kimoja.

"Siijui."

"Hii ni do!" Wakacheka mpaka wakaanguka. Nje ya dirisha mtu akalia, "Mee!"

Ilikuwa hivyo muhula mzima. Alikula peke yake. Akajifunza do, akajifunza re, akifuta machozi kwa mkono wa sweta.

Siku ya mwisho Mama Naomi alimpa karatasi ya wimbo ambao hakuna aliyewahi kuupuliza pale shuleni. Anyisile aliupuliza polepole, akisimamasimama, bila kosa. Hakuna aliyempigia makofi.

"Utabaki," alisema Mama Naomi.

"Ndaga, mama. Asante. Na Mwalimu Lameck?"

"Bado anaongoza bendi. Pengine hakuna atakayemuuliza kitu. Ila sikiliza, mwanangu: mkubwa akikupa uongo uubebe, mrudishie palepale, hata akufokee mbele ya kanisa zima. Siku utakayoulizwa, yeye hatakuwepo."