Gitaa Lililonyamaza Lenyewe

Nilitumwa chumvi. Jua lilikuwa linazama nyuma ya mikorosho ya Ganda, na mimi, mwimbaji mzima wa bendi, nilikuwa natembea mchangani kwa viatu vya kisigino kwenda jikoni kuomba chumvi. Hiyo ndiyo raha ya kuolewa na mpiga gitaa.

Ilikuwa mwaka ule wa ukame, themanini na nne. Mume wangu Joram, baba Nduku, alikuwa amepata kazi ya kupiga muziki kwenye ufunguzi wa baa mpya ya bwana mmoja aitwaye Garama. Stima haikuwa imefika huko, kwa hiyo tulitumia jenereta. Tangu tulipoliwasha, gitaa lilikuwa linavuma.

Mmmmmm...

Joram akigusa nyuzi, kimya. Akiinua mkono, mvumo unarudi. Alinieleza kwamba umeme umekosa njia ya kushuka ardhini, basi unapitia mwilini mwa mtu. Nilimsikiliza nusunusu, mpaka niliposogeza midomo kwenye maikrofoni ikaniuma kama siafu. Nikamwambia siimbi. Nina mtoto wa kulea, na midomo ni hii hii.

"Basi nitaupatia njia nyingine," akasema. Angepigilia nondo mahali penye unyevu, aimwagie maji ya chumvi, kisha aifunge waya unaotoka kwenye amplifaya.

Jikoni nilimkuta Kanze, mpishi, akigeuza samaki.

"Chumvi mwaitakia nini, mama?"

Nikamweleza.

"Na huyo mumeo apigilia wapi?"

"Nyuma ya baa. Amepata mahali penye unyevu."

Mkono wake ukasimama juu ya karai. "Kwa ukame huu? Unyevu watoka wapi?"

Hata mihogo ilikuwa imekauka shambani. Kanze alinifungia chumvi kwenye karatasi, akaacha samaki motoni, akanifuata.

Joram alikuwa ameinama kwenye majani marefu, akigonga nondo kwa nyundo. Karibu naye palisimama mbao nyembamba zilizochongwa, zenye vichwa vya duara. Vigango. Aliyekaa Malindi anavijua: Wagiriama huwasimamishia wazee wao waliokufa, na watu wakihama, vigango huachwa hapo hapo. Joram naye alivijua. Alikuwa na haraka tu, na ardhi chini ya kimoja ilikuwa mbichi, inanuka pombe ya mnazi iliyochacha.

Nondo ikapasua kitu.

Ko.

"Ni kifuu," Kanze akanong'ona. "Mume wangu humwagia babake mnazi hapo, anywe."

"Kesho nitamletea kingine, mama," Joram akasema bila kuinua macho. Akamwaga maji ya chumvi, akafunga waya. Kule ndani mvumo ukakatika.

Nilifurahi, sitadanganya. Nikarudi ndani peke yangu, nikaijaribu maikrofoni kwa ncha ya kidole, kisha kwa mdomo. Haikuuma. Gitaa lilikuwa limelala juu ya kiti, kimya kabisa. Nikaanza kupasha sauti.

Joram akaingia akiwa na waya mkononi.

"Umechomoka," akasema. "Nipe koleo. Lazima mvumo umekusumbua."

"Mvumo gani?"

Akasimama. Tukasikiliza. Nje jenereta lilikuwa linapiga kama kawaida. Taa nyekundu ya amplifaya ilikuwa inawaka. Ncha ya waya ilikuwa mkononi mwa mume wangu, haijagusa ardhi wala chochote.

Na gitaa lilikuwa kimya.

Kimya cha mtu aliyeweka kiganja juu ya nyuzi.

Harufu ya mnazi ikaja... kidogo, kisha nyingi. Nikatazama shingo ya gitaa. Uzi mmoja ulikuwa umebonyea. Ukaachia. Wa pili ukabonyea, polepole, ukateleza, ukabonyea tena, kama kidole kinachojifunza.

"Ni baba mkwe," Kanze akasema kutoka mlangoni. "Alikuwa mpiga ngoma. Mkono wake wa kushoto ulikufa yeye akiwa hai. Aliulilia mpaka akazikwa."

Nilimshika Joram shati. Niliogopa, tena sana. "Baba Nduku, tutoke. Mwachie."

"Ni gitaa langu hilo. Tutakula nini?"

Akajinasua. Akalikamata shingoni kwa mkono wa kushoto, nyuzi zote ndani ya kiganja.

Mmmmmm...

Mvumo ulirudi. Yeye akiwa amezishika.

Usiku ule watu walicheza hadi vumbi likafika darini. Joram hakuwahi kupiga vizuri hivyo. Vidole vyake vilikwenda mahali nisipopajua, na mara mbili nilinyamaza katikati ya wimbo kwa sababu sikujua wimbo wenyewe ni upi.

Asubuhi Lewa, mume wa Kanze, alichimbia kifuu kipya, akamwaga mnazi, akamwombea Joram radhi kwa babake. Alipoinuka alisema mzee amekubali. Hakusema amekubali nini, na mume wangu hakuuliza.

Tulimpelekea fundi wa Malindi lile gitaa. Akalifungua, hakuona kasoro. Joram akigusa nyuzi kwa mkono wa kulia, mvumo unakatika kama kwa mtu yeyote. Akigusa kwa wa kushoto, unaendelea, kana kwamba hakuna mtu. Fundi alisema labda ni ngozi kavu. Nikampaka mafuta ya nazi wiki nzima.

Mkono wenyewe una joto. Unashika kikombe, unamfunga Nduku vifungo vya sare. Kazi nazo zimekuja, hata hoteli za ufukweni zinamtaka, na Joram hataki tuzungumze habari ya mkono huo. Lakini mimi niliolewa na mtu mzima, mikono yake yote miwili, na ninamtaka mzima.

Usiku taa ikishazimwa, mkono ukija begani mwangu, sigeuki mara moja. Namuuliza, "Baba Nduku, ni mkono upi?"

Zamani alikuwa anacheka. Siku hizi ananiambia hajanigusa.