Picha Aliyoichoma Lorene

Jumatatu ilikuwa siku ya kufua. Lorene Haskett alianika mashuka uani, kisha akashuka kwenye chumba cha chini ya nyumba kumalizia usafi. Mama mkwe wake, Bibi Augusta, alikuwa amefariki wakati wa baridi. Alikiacha chumba kile kimejaa mitungi, magazeti, na makasha matatu ya makaratasi ya zamani.

"Delmar, haya makaratasi niyafanyeje?" alimwuliza mumewe.

Delmar alikuwa anafunga viatu aende kwenye shamba lake la ngano. "Yananuka ukungu hayo. Choma tu. Nani atayasoma?"

Basi Lorene akayachoma kwenye pipa la taka. Picha zilijikunja motoni moja baada ya nyingine. Moja aliishika kidogo, akaitazama. Wanaume tisa walisimama mbele ya gari la chakula la kukokotwa na nyumbu. Nyuma hapakuwa na jina hata moja. Akaitupa nayo. Alipomaliza kasha la pili, mvua ilianza kunyesha, akaliacha la tatu kule chini.

Wiki mbili baadaye watu walikutana maktabani. Mwaka ule wa 1972, mji wao wa Tolliver ulikuwa unatimiza miaka mia moja. Mji ule wa jimbo la Kansas, Marekani, ulizaliwa na ng'ombe. Zamani makundi yaliswagwa kutoka Texas, miezi mitatu njiani, hadi kwenye reli ya Tolliver, yapakiwe kwenye treni. Hilo kila mtu alilijua. Lakini majina ya walioswaga? Hayo waliyajua wachache.

Ingrid Lindholm, mfanyakazi wa makumbusho ya wilaya, alisimama mbele.

"Historia ya Tolliver haimo kwenye vitabu vyangu," alisema. "Imo kwenye makasha yenu. Leteni barua, picha, daftari. Hata kilichochanika, leteni."

Mzee Amos Rayford akainuka taratibu. Alikuwa fundi wa viti, mjane, mwenye miaka sabini na saba.

"Babu yangu Gideon alizaliwa mtumwa huko Texas," alisema. "Alipopata uhuru, akawa mpishi wa safari za ng'ombe. Alikuja hapa na kundi la akina Haskett. Alikufa kabla sijazaliwa, na sura yake sijawahi kuiona. Lakini marehemu Augusta aliniambia anayo picha. Wanaume tisa na gari la chakula." Akamgeukia Lorene. "Mwanangu, naomba unitafutie."

Lorene alihisi uso unawaka.

"Nitaitafuta, Mzee Amos," alijibu.

Tangu siku hiyo alimkwepa Mzee Amos. Akimwona mzee kwa mbali, anavuka barabara. Siku moja wakagongana dukani, mlangoni kabisa, hana pa kukimbilia.

"Bado... bado natafuta, mzee."

"Usijisumbue, mwanangu. Nimengoja maisha yangu yote. Siku mbili tatu zitanishinda?"

Maneno yale ya upole yalimuumiza kuliko tusi.

Alirudi nyumbani mbio, akalifungua kasha la tatu. Picha ile haikuwemo, bila shaka. Lakini kulikuwa na daftari la safari lililoandikwa kwa penseli, kurasa zake zimechanika. Lorene akachukua utepe wa gundi akaanza kuziunga. Labda akipeleka daftari hili, alijiambia, ile picha haitaulizwa. Akalipeleka makumbusho.

"Ngoja, dada, ngoja!" Ingrid alimshika mkono. "Umebandika kurasa ngapi?"

"Mbili tu. Nimekosea?"

"Utepe huu ukizeeka unageuka njano na kula maandishi. Ukurasa uliochanika uache hivyo hivyo, uweke ndani ya karatasi safi, kisha kwenye kasha imara."

"Na kasha lenyewe nimelirudisha kule chini ya nyumba."

"Chini kuna unyevu, na darini kuna joto. Weka vitu hivi kabatini, ndani ya nyumba unamoishi. Na picha andika majina nyuma, kwa penseli laini, pembeni. Wino unapenya hadi mbele. Andika wakati wanaowajua watu hao bado wako hai."

Lorene akaketi, akafunika uso.

"Ile picha ya Mzee Amos niliichoma," alisema. "Nilikuwa nimeshaichoma siku ile anaiomba. Nikamdanganya."

Ingrid aliweka daftari mezani.

"Mimi siye wa kuombwa radhi," alisema. "Lakini wewe ndiye mtu wa mwisho kuiona. Unakumbuka nini?"

"Kidogo tu."

"Hicho kidogo ndicho kilichobaki. Nenda kwake leo. Chukua kinasa sauti hiki. Sema unachokumbuka, na usichokuwa na hakika nacho useme huna hakika. Usimpambie."

Mzee Amos alikuwa barazani anasuka kiti. Lorene alimwambia yote akiwa amesimama. Mikono ya mzee ikaacha kusuka.

"Uliichoma."

"Niliichoma, mzee. Sikujua ni nani. Lakini baadaye nilijua, na bado nikakuongopea."

"La kwanza ni ujinga, na ujinga hata mimi ninao," alisema Mzee Amos. "Hilo la pili ndilo linaniuma."

"Najua."

Akarudia kusuka kiti chake. Lorene akadhani ameshafukuzwa. Kisha mzee akasogeza kiti kingine kwa mguu.

"Kaa. Washa hicho chombo chako."

Lorene akafumba macho. Mtu mweusi alikuwa mmoja tu, kulia kabisa. Mrefu. Amevaa aproni. Mkono mmoja uko kwenye gurudumu. Kofia? Hana hakika na kofia.

"Alikuwa anacheka?" Mzee Amos aliuliza kwa sauti ndogo.

Ilikuwa rahisi kusema ndiyo.

"Hapana, mzee. Wenzake wote wanaitazama kamera. Yeye anatazama pembeni, kama mtu aliyeacha chungu motoni."

Mzee Amos alicheka hadi machozi yakamtoka. "Ni yeye! Ukoo wetu wote ndivyo tulivyo!" Kisha akaendelea kulia, na kicheko kikiwa kimeshakwisha. Baadaye akashika kinasa sauti, akaeleza yote aliyosimuliwa na mama yake.

Na kwenye daftari, Ingrid alisoma mstari uliofifia: *Mto umefurika. Gideon mpishi amevuka mara nne na kamba. Watu wote wako wazima.*

Siku ya sherehe mstari huo uliwekwa ndani ya kioo. Pembeni yake palikuwa na fremu isiyo na picha, na kadi. Maneno ya kadi Lorene aliyaandika mwenyewe, ingawa Delmar alimsihi asijiaibishe: *Gideon Rayford, mpishi wa safari, alikuwa kwenye picha hii. Lorene Haskett aliichoma mwaka huu. Aliyokumbuka ni haya.*

Watu walisoma, wakanong'ona. Lorene alibaki amesimama pale pale, masikio yanawaka. Mama mmoja kutoka shamba la mbali alisoma kadi mara mbili.

"Huyu Lorene yuko wapi?"

"Ni mimi."

Yule mama akamtazama, kisha akatazama sakafu. "Nina kasha garini. La shangazi yangu. Nilikuwa nalipeleka jaani nikitoka hapa."

Lorene alikuwa ameshatoa penseli mfukoni.

"Twende tukalilete," alisema.