Sufuria la Yanelis Lilivyoonekana Boca Chica

Kwa maneno ya Bi Niurka, jirani wa ukuta mmoja, Eladio, mpenzi wa Yanelis, hakuwa zamuni hata kidogo. Alikuwa ufukweni Boca Chica, kavua shati, kakaa chini ya mwavuli na mama yake, na binti mmoja wa gauni la njano akiwapakulia tambi za kuku.

"Tena mama mtu anasifu," alisema Bi Niurka, mchanga bado miguuni. "Anasema, 'Sasa hapa nimepata mkwe.' Nimesikia kwa masikio haya."

"Watu wanafanana, Bi Niurka."

"Na masufuria nayo? La bluu, sikio moja limefungwa waya."

Waya ule Yanelis aliufunga mwenyewe.

Asubuhi ile Eladio alimjia mbio. "Mpenzi, walinzi wenzangu hotelini hawana chakula. Nipikie chochote cha haraka." Yanelis akafungua kabati: pakiti mbili za tambi, nyanya ya kopo, maziwa ya kopo, mahindi ya kopo. Kuku alikuwa kwenye friji. Akaunguza sukari kidogo ndani ya mafuta, akamgeuza kuku humo mpaka akawa mwekundu, kisha kitunguu saumu, hoho na nyanya. Mahindi na maziwa yakaja mwisho, akachanganya na tambi. Dakika arobaini, sufuria limejaa.

Jumapili, sufuria la tambi linakwenda wapi kama si baharini? Mji mzima unajua. Yeye akaamini habari za walinzi wa geti.

Akaandika ujumbe: "Walinzi wameshiba?"

Jibu likaja papo hapo: "Wamelamba mpaka vidole, mpenzi. Nipo getini, siwezi kupokea simu."

Akausoma mara mbili, akavaa viatu, akaita pikipiki.

Aliwakuta vilevile. Eladio alipomwona, mkate ukamkwama mdomoni.

"Karibu, binti," mama mtu alisema kwa ukarimu. "Huyu nani, Eladio?"

"Ni... ni dada anayenifulia nguo, mama."

Yanelis alihisi masikio yanawaka. Miaka minne alikuwa akiomba apelekwe kwa huyu mama, na kila mara akiambiwa bado, mama mgonjwa, mama kasafiri, mama mkali. Mama mwenyewe huyu hapa, mzima, ana mafuta ya kuku kidevuni.

"Kufua nimemfulia kweli, mama. Miaka minne. Hapo hajadanganya."

"Yanelis, twende pembeni tuongee."

"Pembeni nimekaa sana, Eladio. Leo tuongee hapahapa." Akamgeukia wa gauni la njano. "Dada, chakula kinanukia. Huyu kuku umempaje rangi?"

"Nyanya," yule binti alijibu, macho yakiwa kwenye sahani.

"Nyanya na nini?"

"Jamani, nyanya tu."

"Sukari, dada. Inaungua kwanza, ndiyo kuku anaingia. Ungekuwa umepika, ungejua."

Mama mtu akaweka uma chini. "Dariela, chakula hiki kapika nani?"

Dariela akamtazama Eladio, akaona hana msaada. "Mimi sijui, mama. Aliniambia kapika dada yake. Akasema nikubali tu ni mimi, wewe unapenda mwanamke anayejua jiko."

"Dada yake yuko New York," mama mtu akasema.

"Basi na mimi nimedanganywa," Dariela akasema, akasimama, akaanza kukung'uta taulo lake kwa hasira mpaka mchanga ukamwingia Eladio machoni.

"Mama, nilitaka kukueleza polepole," Eladio alisema huku akijifuta.

"Nyamaza. Umenilisha jasho la mtu, ukamwita mfuaji mbele yangu?"

Yanelis hakungoja zaidi. Akapakua tambi zilizobaki kwenye sahani za karatasi, moja moja, asimwage hata kidogo, akachukua sufuria lake. Eladio akamshika mkono.

"Mpenzi, usiniaibishe."

"Aibu umekuja nayo mwenyewe. Niachie mkono."

Akamwachia. Yanelis akapanda kuelekea barabarani, mwenye pikipiki keshawasha. Nyuma akasikia mtu anahema. Mama mtu alikuwa anamfuata peku, sahani ya tambi mkononi.

"Binti, hata jina lako sijaambiwa vizuri. Yule nimemfukuza, akaoge na hasira zake huko. Rudi ukae na mimi, tule wote wawili."

Yanelis akasimama, sufuria ubavuni, akamtazama yule mama.

"Tafadhali, mwanangu."

Mwenye pikipiki akauliza kama wanaondoka.