Nyumba ya Gerezani Ilikuwa na Mwenyewe

Sophia alirudi kutoka Kariakoo saa nane mchana akakuta vyombo vyake vimetolewa nje. Chupa ya chai, ndoo, masufuria, vyote vimepangwa ukutani kwa unadhifu. Mlango ulikuwa na kufuli lake vilevile, na ufunguo alikuwa nao yeye.

"Mama, kama mnataka nihame si mseme tu?" alimwambia Candida, mwenye nyumba.

Candida aliapa hajagusa kitu. Yeye na mumewe, Athanas, waliinunua nyumba ile ya mtaa wa Gerezani kwa mafao ya kustaafu ya Athanas, baada ya miaka thelathini ya kufundisha Masasi. Walidhani wapangaji watawatunza uzeeni. Badala yake Candida alishinda akizibua choo, akiamua ugomvi wa zamu ya kudeki, akimshikia fundi ngazi kila paa lilipovuja. Athanas alikaa barazani na redio, akisema mambo haya yanataka subira.

Sophia alihama wiki hiyohiyo. Akafuata fundi gereji wa chumba cha pili, aliyekuta godoro lake limekunjwa na kufungwa kamba uani. Kila ilipotokea, korido ilinuka ubani, na kutoka chumba cha nyuma, ambacho hakikuwa na mtu, ulisikika ufagio ukipita sakafuni.

Alibaki Violeth na mwanawe wa miezi mitano. Mchana mmoja alijifungia kwa komeo, akamlaza mtoto kati yake na ukuta, akasinzia. Na alipozinduliwa na ule ufagio, ukija polepole koridoni, ukiingia chumbani, ukizunguka kitanda, kisha ukitoka tena bila komeo kutikisika, alipapasa upande wa ukuta akagusa shuka baridi, akafungua mlango akipiga mayowe, akamkuta mtoto amelala sakafuni koridoni, juu ya kanga ambayo hakuna aliyeijua, imekunjwa mara nne, na miguu yake midogo imeelekezwa barabarani.

Siku hiyohiyo Candida alikwenda Msimbazi kwa Bi Najma, mzee wa ukoo uliowauzia nyumba.

"Mlijua?" alimuuliza.

"Tulijua. Bibi yangu ndiye aliyekuwa akimtunza jini huyo. Alipofariki tukashindwa, tukauza."

"Mkatuuzia sisi."

"Sasa angenunua nani anayejua?"

Hata hivyo alikuja, na chetezo mkononi. Alifukiza chumba cha nyuma, akanong'ona, akanyamaza kama anayesikiliza. Candida na Athanas walisimama mlangoni.

"Hatoki," alisema. "Anasema nyumba ni yake, nyie ni wapangaji tu. Ataacha watu wakae akipata kiti."

"Kiti gani? Mafundi seremala wapo hapo nje," Athanas alinong'ona.

"Kiti ni mtu wa kumpanda, mwalimu. Anamtaka mkeo." Bi Najma alipunga moshi. "Au mumwachie nyumba, muondoke leo hii."

Candida alimtazama mumewe. Athanas alitazama dari mpya, akatazama milango, akatazama madirisha ya aluminiamu ambayo hayakuwa yametimiza hata mwaka. Kisha akainamisha kichwa.

"Baba, sema tuondoke," Candida alimwambia taratibu.

"Tutaenda wapi, Candida?"

 Candida aliingia chumbani kwa miguu yake, na Bi Najma akaufunga mlango.

Mwezi haukuisha vyumba vyote vikajaa. Wapangaji husema hawajawahi kuishi kwenye nyumba tulivu kama ile. Ila chumba cha nyuma hukaa mama mmoja aliyejitanda shuka jeupe, hali chakula mbele ya watu, na watoto hawapiti mlangoni kwake.

Adhuhuri moja Athanas alimpelekea uji. Alipiga magoti mbele yake, akamshika mkono. Ulikuwa wa baridi kama sakafu.

"Candida, kunywa kidogo basi. Tafadhali."

Mwanamke aligeuka polepole, akamkagua kuanzia miguuni hadi usoni, kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza.

"Mzee," alisema kwa sauti nzito ya mwanamume, "wewe umepanga chumba gani?"