Malori ya Baba Mdogo

"Umekosa, mdogo wangu. Mkopo sifuri, ruzuku sifuri."

Dada wa internet kafe akanigeuzia skrini nisome mwenyewe. Sababu ilikuwa pale chini: mlezi anamiliki malori mawili.

Nikaisoma mara mbili.

Nyie, mimi Erica wa kijiji cha Ibaba huko milimani, niliyesomeshwa kwa viazi vya mama, nimekuwa mtoto wa tajiri tangu lini?

Ilikuwa 2012, mjini Tunduma, mpakani. Nimechaguliwa kusomea udaktari, na bila ile hela siendi popote. Rufaa inafungwa baada ya siku tano.

Baba alifariki nikiwa darasa la nne. Kwetu baba akiondoka, mdogo wake ndiye baba. Kwa hiyo ukurasa wa mlezi kwenye fomu ya mkopo nilimpa Baba mdogo Amoni. Aliujaza, akafunga bahasha, mimi hata sikusoma.

Na lori moja tuliliona kwa macho yetu. Kila Krismasi anapanda mlima na lori la bluu, suti mwilini, amekaa kushoto. Anayeendesha anamwita "dereva wangu".

Nikamfuata chumba alichopanga hapo mjini.

"Baba, kwa nini uliandika malori?"

"Ulitaka niandike nini? Ile fomu inasomwa na mtendaji wa kijiji, inagongwa muhuri. Mtoto wa ukoo wetu aitwe hohehahe?"

"Sawa. Uza moja nikasome."

Akaanza kufunga kamba za viatu.

"Moja tu, Baba. Mama mgongo umekwisha."

"Toka. Huna adabu."

Damu ilinichemka, siwafichi. Nikasema leo lazima nijue hayo malori yanalala wapi. Nikaingia yadi ya kwanza, ya pili... ya tatu nikaliona lile la bluu. Mzee wa kanzu anakagua matairi.

"Shikamoo. Namtafuta mwenye hili lori, Bwana Amoni."

"Marahaba. Mwenye lori ni mimi, Habibu. Amoni ni utingo wangu."

"Utingo?"

"Mwaka wa kumi na moja. Anafunga turubai, anabadilisha matairi, foleni ya mpaka ikigoma analala juu ya mzigo. Krismasi huniomba lori na dereva limfikishe kwao. Sijawahi kumnyima."

Nikakaa kwenye tairi. Kumbe sare za shule alizoniletea kila Januari zilitoka huko, juu ya mizigo. Nilimwonea huruma, na bado nilikuwa na hasira naye.

Mzee Habibu aliniandikia barua kwamba malori ni yake, akaambatanisha nakala za kadi za magari. Ilibaki saini ya mlezi, mbele ya mtendaji wa kwetu.

Nikarudi kwa Baba mdogo.

"Nimetoka yadini."

Akainamisha kichwa. "Nikisaini, Ibaba nzima watajua."

"Wajue! Nikibaki nyumbani kwa kukosa ada pia watajua. Keshokutwa asubuhi niko kwa mtendaji, uje usije. Kazi yako nitaitaja mwenyewe, kwa sauti. Mimi sioni haya, wewe unaona haya ya nini?"

Nikapanda gari la kurudi Ibaba.

Siku hiyo ilipofika, ofisi ya mtendaji ilijaa watu. Saa nne, hajafika. Saa tano... nikasimama niseme mwenyewe.

Pikipiki ikasimama mlangoni. Akashuka Baba mdogo, bila suti. Alikuja na ovaroli yake ya kazi, grisi mpaka kolani.

Mtendaji Mbonile akashangaa. "Amoni, lori limeharibika?"

"Sina lori. Sijawahi kuwa nalo. Mimi ni utingo, andika hivyo, huyu mtoto aende shule."

Kuna waliocheka. Niliwageukia nikawatazama mmoja mmoja mpaka wakanyamaza.

Rufaa ilipita. Mkopo nikapata, na ruzuku juu.

Wewe unayejaza fomu saa hizi, na mzazi wako anataka kuandika nyumba isiyokuwepo, mnyang'anye kalamu. Hali yenu iandikeni ilivyo. Watakaocheka hawatakulipia ada.

Leo mimi ni daktari. Kila fomu inayoniuliza kazi ya baba naijaza kwa herufi kubwa: UTINGO.