Mwenzake Yasna

Jumapili mchana, duka la mikate mjini La Serena, Chile, lilikuwa limefurika watu wanaosubiri empanada, zile sambusa kubwa za kuoka, kila mmoja na namba yake mkononi. Nibaldo Cortés alikuwa na namba na karatasi yenye mchoro wa mwanga wa nyota. Aliukodolea macho mchoro hata namba yake ikaitwa mara mbili asisikie.

"Kaka, hamsini na mbili si wewe? Wenzio tuna njaa!"

Aligeuka. Msichana wa gauni la njano, nywele kazibana kwa kalamu, alikuwa akichungulia karatasi yake bila aibu.

"Tena umeandika nyota hii iko peke yake. Umeipima mara ngapi?"

"Mara moja."

"Mara moja! Jamani! Nyota kubwa kama hiyo? Kubwa kama hizo, mara nyingi kila moja ina mwenzake, zinazungukana. Ipime tena na tena, utaiona inavutwa huku, inavutwa kule."

Aliitwa Yasna Pizarro, mpima nyota kama yeye, ila kwenye kituo cha darubini cha mlima mwingine. Nibaldo alipima mara nne, akampigia simu.

"Yasna! Inayumba!"

"Nilikwambia nini, mbishi wee?"

Kuanzia hapo ikawa simu kila siku, chai na mkate wa parachichi kila jioni. Nibaldo alipenda, akapenda kweli, lakini hakusema. Sikia sasa upuuzi wa msomi: alijiambia mwanamke anayeng'aa vile hawezi kuwa peke yake, lazima ana mwenzake asiyeonekana. Akaanza kumpima. Kila Jumanne na Ijumaa, saa kumi kamili, simu ya Yasna ilizimwa. Akirudi, ama amechangamka ama amenuna. Nibaldo aliandika yote kwenye daftari miezi miwili, na hesabu haikukosea hata siku moja.

Kisha akamwona ndani ya gari dogo jekundu, pembeni ya mwanamume mwenye masharubu. Ikawa basi tena. Jumatatu yake aliomba kazi ya kufundisha Concepción, mbali huko kusini, akaipata, na Ijumaa alikuwa kituo cha mabasi na sanduku lake. Alipiga saa tisa na nusu, kabla simu haijazimwa.

"Nahama, Yasna. Basi linaondoka saa kumi."

"Unahama? Bila kuniambia?"

"Una mwenzako. Jumanne na Ijumaa. Nimehesabu."

"Nibaldo, usithubutu kupanda hilo basi!"

Saa kumi kasoro dakika tano, gari jekundu liliingia kituoni, likapanda ukingo wa njia, likazimika. Abiria waliruka pembeni wakitukana. Yasna alishuka upande wa usukani, jasho linamtoka. Upande wa pili alishuka mzee mwenye masharubu, uso umempauka.

"Haya, mwenzangu ndiye huyu! Don Hernán, mwalimu wa udereva, ana wajukuu tisa! Nimefeli mtihani mara tatu, nikaona aibu kukwambia."

"Mara nne," mzee alisahihisha.

"Mtu mzima unaandika daftari zima badala ya kuuliza swali moja!"

"Niliogopa jibu," Nibaldo alisema. "Nakupenda, Yasna. Niliogopa."

"Basi uliza sasa."

"Una mtu?"

"Sina, bwege wee! Miezi yote hii nakungoja wewe!"

Dereva wa basi alipiga honi. Nibaldo hakugeuka.

"Utakubali nikuoe?"

Yasna alicheka huku analia, akamkumbatia katikati ya masanduku ya watu. "Nakubali. Nioe hata kesho."

Basi la Concepción likaondoka na kiti kitupu. Yasna alifuta machozi, akanyoosha mkono kwenye mlango wa dereva wa gari jekundu.

"Twende, mpenzi, nikupeleke nyumbani."

Don Hernán alimwahi, akampokonya ufunguo.

"Harusi ni yenu," alisema, "usukani ni wangu. Nyuma, wote wawili."